Muziki Ndani ya Kabati

Mwaka 1906 kampuni ya Victor Talking Machine ya Camden, New Jersey, ilileta sokoni gramafoni ambayo ukiiona usingedhani ni gramafoni. Kabla ya hapo mashine ya santuri ilikuwa na pembe kubwa iliyochomoza juu ya meza, ikikusanya vumbi na kuwazuia wapitao. Wenye sebule za heshima hawakuitaka. Eldridge Johnson, mwenye kampuni, akaikunja pembe ile, akaielekeza chini na kuifungia ndani ya kabati la mbao lililong'arishwa. Kwa nje ulichokiona ni samani tupu. Iliitwa Victrola na iliuzwa dola 200. Fedha hizo zilikuwa nyingi kwa wakati ule, lakini wanunuzi hawakukosekana.

Mbele ya kabati, pale mdomo wa pembe ulipotokea, paliwekwa milango miwili midogo. Ukiifungua yote, sauti inajaa chumba. Ukiirudisha nusu, inapungua. Ukiifunga kabisa, mwimbaji anabaki ananong'ona ndani ya mbao. Ukiacha ujanja wa kubadilisha sindano nene kwa nyembamba, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kupandisha na kushusha sauti.

Naianza sura hii na milango ile kwa sababu ilifanya jambo ambalo mafundi wa leo, pamoja na chipu zao zote, hushindwa nalo mara nyingi. Samani iliyoificha mashine ndiyo hiyohiyo iliyoiongoza, na mtu aliyekaa kitini alitupa jicho mara moja akajua hali ikoje. Amri ilitoka mkononi, jibu likaonekana palepale. Tangu siku zile kila kizazi kimezidi kuificha mitambo yake ya muziki, na kila kizazi kimelazimika kubuni namna ya kuifikia huko ilikofichwa. Katika kupeleka amri tumepiga hatua kubwa mno. Kilichotupotea ni jibu.

Redio zilipoenea majumbani nazo zilivalishwa kabati. Mwaka 1938 kampuni ya Philco ya Philadelphia ilitangaza, kwa ajili ya matoleo yake ya 1939, redio kubwa ya kusimama chini iliyokuja na kisanduku cha mbao cha kushika mkononi. Juu ya kisanduku palikuwa na kisahani cha kuzungusha chenye matundu ya vidole, cha namna ileile iliyokuwa kwenye simu za mezani. Hakikuwa na waya hata mmoja. Kampuni ikakiita Mystery Control, na fumbo lenyewe lilikuwa hivi: ndani ya kisanduku mlikuwa na betri, vali moja na koili. Ukizungusha kisahani, koili ilituma midundo ya mawimbi ya redio, idadi yake kulingana na tundu ulilochagua. Koili nyingine iliyofichwa ndani ya kabati iliipokea, na swichi ya hatua ikasogea nafasi moja kwa kila mdundo hadi ikafika kwenye kituo ulichotaka. Sauti nayo ilipandishwa na kushushwa na mota ndogo.

Hebu fikiria kwamba hiyo ni kabla ya Vita Kuu ya Pili, kabla ya transista, na mtu amekaa upande wa pili wa chumba anabadilisha kituo bila kuinuka. Kwa kuwa mawimbi ya redio hupita ukutani, kampuni ililazimika kutengeneza visanduku vya masafa tofauti, la sivyo jirani angekubadilishia taarifa ya habari akiwa kwake. Jambo hilo la jirani likumbuke, maana tutakutana nalo tena.

Huku kwetu kabati la muziki liliingia kwanza kama gramafoni. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV, kampuni hiyo ilitumia nembo ileile ya mbwa aliyekaa akisikiliza pembe ambayo Victor waliitumia Marekani. Baadaye likaja kabati lenye redio na santuri pamoja, la miguu minne na mfuniko wa kuinua, lililowekewa kitambaa cha kufuma juu yake na chombo cha maua juu ya kitambaa. Ukitaka kuweka santuri, ulianza kwa kuondoa maua. Samani ilishinda vita vile muda mrefu, na sijui kama imewahi kushindwa.

Rimoti kama tunavyoijua ilikulia kwenye televisheni, na habari hizo nitazipita haraka. Kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa rimoti ya waya mwaka 1950, na watu wakajikwaa kwenye waya wake. Mwaka 1955 Eugene Polley, mhandisi wa kampuni hiyo, akaunda Flash-Matic, tochi iliyomulika pembe nne za kioo cha televisheni. Jua la jioni likipenya dirishani, stesheni zilibadilika zenyewe. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler akaja na Space Command. Ndani yake kulikuwa na vijiti vinne vya alumini. Ukibonyeza kitufe, kinyundo kinagonga kijiti, nacho kinatoa sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la binadamu, ambayo televisheni iliisikia. Haikuwa na betri. Watu wa mauzo walilisisitiza hilo kwa sababu waliogopa kwamba betri ikiisha, mteja atadhani televisheni yake imeharibika.

Hofu hiyo ya watu wa mauzo ina maana kubwa kuliko uvumbuzi wenyewe. Waliona mapema kwamba rimoti ikikaa kimya, mwenye nyumba hana njia ya kujua ni nani aliyekufa: rimoti au mashine. Televisheni walau ilikuwa mbele ya macho. Amplifaya iliyofungiwa ndani ya shokesi haionekani kabisa.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiti vya Adler viliondolewa na mwanga wa infraredi, na mpaka leo rimoti nyingi sebuleni mwako ni za aina hiyo. Mwanga huo una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 940, mbali kidogo na upeo wa jicho. Ukitaka kuuona, washa kamera ya mbele ya simu, ielekezee ncha ya rimoti kisha bonyeza kitufe chochote. Utaona doa la zambarau linapepesa. Mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, huanza na kipimo hicho kabla hawajashika bisibisi, na nakushauri uanze nacho pia. Usitumie kamera ya nyuma, maana nyingi zina kichujio kinachozuia mwanga huo.

Kupepesa kwake kuna mpango. Jua, balbu, jiko, hata mwili wako vyote vinatoa infraredi, kwa hiyo rimoti hupepesa mwanga wake mara 38,000 hivi kwa sekunde, na kipokezi hupuuza kila kitu kisichopepesa kwa kasi hiyo. Juu ya mpepeso huo ndipo msimbo hupandishwa. Katika mfumo wa NEC, unaotumiwa na vifaa vingi vya bei nafuu, rimoti huanza na mwako wa milisekunde 9 wa kumwamsha mpokeaji, ikanyamaza milisekunde 4.5, kisha ikatuma biti 32: anwani ya kifaa, kinyume cha anwani hiyo, amri, na kinyume cha amri. Kinyume kipo ili mpokeaji alinganishe na kutupa ujumbe uliovurugika. Ujumbe mzima haufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde.

Ndiyo maana rimoti ya sabufa ya jirani huweza kuwasha yako ingawa majina yaliyoandikwa kwenye maboksi hayafanani. Viwanda vingi vinanunua chipu zilezile, na anwani iliyomo ndani hawahangaiki kuibadilisha.

Sasa mlete seremala. Mwanga hauingii kwenye mbao. Kabati la mninga lenye milango mizima ni ukuta kwa infraredi kama lilivyo ukuta kwa macho yako. Kioo angavu hupitisha. Kitambaa chepesi cha spika hupitisha kiasi cha kutosha. Plastiki nyeusi ya aina ile iliyo mbele ya kipokezi cha televisheni ni ajabu ya kufaa kabisa: kwa jicho ni giza, kwa infraredi ni dirisha. Milango ya vibao vyembamba vilivyoachiana nafasi nayo husaidia, ingawa itakubidi unyooshe mkono huku na huku ukitafuta upenyo, na baada ya wiki moja familia nzima itakuwa imeamua kuacha mlango wazi. Nimeona makabati mazuri ya maseremala wa Keko, Dar es Salaam, yaliyotengenezwa kwa fedha nyingi yakiishi hivyo, mlango mmoja ukining'inia wazi mchana kutwa kwa sababu ya rimoti.

Dawa ya zamani ya ugonjwa huo ni kirudishi cha infraredi. Jicho dogo la kupokea, lenye ukubwa wa punje ya mahindi, huchomekwa kwenye tundu lililotobolewa ukingoni mwa kabati. Waya wake huingia kwenye kisanduku cha nguvu, na kutoka humo hutoka nyaya nyembamba zenye vitaa vya infraredi vya kubandika mbele ya kila kifaa. Unaelekeza rimoti kwenye ukingo wa kabati, jicho linapokea, vitaa vinarudia ujumbe uleule gizani. Kazi ngumu ni kupata mahali pa kubandika. Mulika tochi kwa ulalo kwenye uso wa amplifaya, utaona kidirisha cha mviringo nyuma ya plastiki. Bandika hapo, na funika kitaa kwa kipande cha utepe mweusi, kwani mwanga ukivuja nje na kulirudia jicho, mtambo utaanza kujisikiliza wenyewe na hakuna amri itakayopita.

Tatizo jingine la jicho hilo ni taa. Balbu za kubana umeme, zile za mirija iliyojipinda zilizoenea nchini mwetu kabla ya LED, zina saketi inayopepesa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kasi hiyo iko karibu mno na ile 38,000 ya rimoti, hivyo jicho hupigwa kelele za mwanga jioni nzima. Mwenye nyumba analalamika kwamba rimoti hufanya kazi mchana na kugoma usiku, fundi anabadilisha betri, anabadilisha jicho, anabadilisha waya. Kumbe ni balbu.

Hapa wauzaji wengi hukwambia kazi imekwisha, amri inapita. Mimi nasema nusu yake bado.

Tazama kinachotokea. Ndani ya kabati mna amplifaya, king'amuzi na kichezeo cha diski. Unataka kitufe kimoja cha kuwasha vyote, hivyo unanunua au kuunda rimoti inayotuma misimbo mitatu mfululizo. Lakini vifaa vingi vina msimbo mmoja tu wa umeme: kimezimwa, kitawaka, kimewaka, kitazimika. Kimoja kikianza katika hali tofauti na wenzake, kitufe chako cha kuwasha vyote kitawasha viwili na kuzima cha tatu. Ukibonyeza tena, vinapishana upya. Milango imefungwa, huoni taa yoyote. Rimoti ya infraredi hupayuka gizani bila kusubiri jibu, na haina sikio la kulipokea hata likija.

Katika nchi zetu shida hii ina kichocheo chake. Umeme unakatika, unarudi. Amplifaya yenye swichi ya kubonyea inaamka ikiwa imewaka, king'amuzi kinaanza kujiwasha taratibu, sabufa inalala ikisubiri kuamshwa. Kila kifaa kina tabia yake ya kuamka, na kabla ya mtu kugusa chochote tayari havielewani. Kuna na hili la vifaa vinavyojizima. Kanuni za Umoja wa Ulaya za nguvu ya kusubiri zilishusha kikomo hadi wati 1 mwaka 2010, kisha nusu wati mwaka 2013 kwa kifaa kisicho na kioo cha taarifa, na watengenezaji wengi wakaweka saa ya kuzima amplifaya isipopata sauti kwa muda fulani. Kwa mazingira ni jambo jema. Kwa rimoti inayodhani inajua hali ya kabati ni mtego.

Wenye akili kubwa walishughulika na mambo haya. Steve Wozniak, aliyeunda kompyuta za kwanza za Apple, alipoondoka huko alianzisha kampuni iliyoitwa CL 9, na mwaka 1987 ikatoa rimoti ya CORE iliyojifunza misimbo ya rimoti nyingine na kuifunga pamoja katika amri moja ndefu. Ilikuwa kompyuta ndogo kwelikweli, na ugumu wa kuipanga ulilingana na sifa hiyo. Mwaka 1998 Philips wakaleta Pronto, rimoti ya kioo cha kugusa ambayo mmiliki aliweza kuchora kurasa zake mwenyewe kwenye kompyuta: kitufe apendacho, mahali apendapo. Philips waliachana nayo mwaka 2010, lakini mtindo wake wa kuandika misimbo ya infraredi kwa tarakimu umebaki, na mafundi wanaupokezana mpaka leo hata kama hawajawahi kuishika Pronto yenyewe.

Harmony, ambayo Logitech waliinunua pamoja na kampuni iliyoiunda huko Kanada mwaka 2004, ilikuja na wazo la busara zaidi. Haikukuuliza unataka kifaa gani. Ilikuuliza unataka kufanya nini: kusikiliza muziki, kutazama filamu. Ikakumbuka yenyewe ni vifaa vipi ilivyoviwasha. Na kwa kuwa wabunifu wake walijua kumbukumbu hiyo ni dhana tu, waliweka kitufe cha msaada. Mambo yakiharibika, rimoti ilimuuliza mtu: je, televisheni imewaka? Je, sauti inatoka? Yaani mwanadamu ndiye aliyefanywa jicho la rimoti. Logitech waliacha kuzitengeneza mwaka 2021.

Walioliona jibu tangu mapema ni Wadenmark. Bang & Olufsen wa mji wa Struer, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1925, walitengeneza katika miaka ya 1980 mifumo ya muziki ambayo kisanduku chake kikuu hakikuwa na vitufe vya maana usoni. Kiliwekwa popote. Mbele ya msikilizaji palikaa bamba jembamba lenye kioo cha maandishi, na bamba hilo lilizungumza na mashine kwa infraredi ya njia mbili: unatuma amri, mashine inakujibu iko kwenye kituo gani na sauti ni kiasi gani. Mawasiliano ya vifaa vyao yalitumia kilohezi 455 badala ya 38, namba ambayo fundi redio wa zamani ataitambua mara moja, kwani ndiyo masafa ya kati ya redio nyingi za AM. Matokeo yake ni kwamba kirudishi cha kawaida hakiwezi kubeba amri zao. Mnunuzi alifungwa kwa kampuni moja, na bei zake zilijulikana.

Kampuni hiyohiyo mwaka 2014 ilitoa BeoSound Essence: kisanduku cha kuficha kabatini, na gurudumu moja la alumini la kubandika ukutani. IKEA, ambao ni watu wa samani kwanza, walifuata mwaka 2019 kwa kushirikiana na Sonos. Wakaweka spika ndani ya taa ya mezani, wakatengeneza nyingine inayotumika kama rafu ya vitabu, na wakauza kando gurudumu dogo la kuzungusha sauti. Ukilitazama kwa makini utaona fikra za Victrola zimerudi, sauti imo ndani ya samani na usukani wake ni kitu cha kushika kwa kiganja.

Wapo watakaosema hayo yote yamekwisha, simu inatosha. Simu inafaa sana kwa mtu mmoja. Kwa nyumba ni rimoti mbaya, kwa sababu ni mali ya mtu, na mtu huyo hutoka. Baba akienda sokoni, muziki umekwenda naye. Akipigiwa simu, taarabu ya mama inakatika katikati. Mgeni akitaka kupunguza sauti hawezi kuomba neno la siri la simu ya mwenyeji wake. Rimoti ya nyumba hukaa mezani, na yeyote aliyeketi ana haki nayo.

Kwa hiyo rimoti ya kuunda mwenyewe, au ya kumuundisha kijana wa mtaani aliyesoma vifaa vya elektroniki, bado ina nafasi. Kiini chake leo ni chipu ya ESP32 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, ambayo ina Wi-Fi na Bluetooth ndani yake na inauzwa kwa bei isiyotisha. Kijana atahitaji kipokezi cha infraredi cha miguu mitatu cha kilohezi 38, diodi chache za kutuma, transista, vizuizi na chaja ya simu ya volti 5. Anaelekeza rimoti za asili moja baada ya nyingine kwenye kipokezi, programu inasoma misimbo na kuihifadhi. Chipu hiyo inafungwa ndani ya kabati, diodi zikielekezwa kwenye vifaa. Mkononi kunabaki kisanduku kingine kidogo chenye chipu kama hiyo, kinachowasiliana nayo kwa mawimbi ya redio, ambayo hayajali mbao. Tumerudi kwa Philco, pamoja na suala lake la jirani, ila safari hii ujumbe unafungwa kwa siri na hasikii asiyehusika. Kama ukishawishiwa kutumia rimoti rahisi za megahezi 433, zile za mageti, ujue nyingi hazina kinga hiyo.

Mbao ya kisanduku cha mkononi itoke kwenye ubao uleule wa kabati. Ni uamuzi wa mapambo, nakubali, lakini watu huitunza rimoti nzuri na kuitupa ovyo ile ya plastiki. Kuhusu betri, chipu hii inapotuma kwa Wi-Fi hula zaidi ya miliampia 100, hivyo ni lazima ilale usingizi mzito kila wakati isipobonyezwa, au iwekewe kitako cha kuchajia. Vitufe visizidi vitano: muziki, filamu, kimya, zima, na gurudumu la sauti. Rimoti ndogo ya sabufa huja na vitufe 21 na sijawahi kumwona mtu anayetumia zaidi ya sita.

Kisha mwambie kijana aweke jibu, na akikwambia si lazima, tafuta kijana mwingine. Zipo njia tatu za kujua kifaa kilichofichwa kimewaka au hakijawaka. Ya kwanza ni pete ya kupima mkondo wa umeme, inayovishwa kwenye waya wa kifaa. Ivishwe waya wa moto peke yake. Ukiivisha waya zote mbili, mkondo wa kwenda na wa kurudi hufutana na pete husoma sifuri. Kazi hiyo aifanye fundi umeme, ndani ya kisanduku kilichofungwa. Ya pili ni kutumia tundu la volti 12 lililo nyuma ya amplifaya nyingi za hadhi ya kati na juu, ambalo hutoa volti pale tu amplifaya inapowaka. Ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ni rahisi na haigusi umeme mkubwa: unabandika kipima mwanga kidogo juu ya taa ya kuwaka ya kifaa chenyewe. Karibu kila kifaa kina kitaa chake cha kijani au chekundu. Chipu inakisoma, na kabla ya kutuma amri yoyote ya kuwasha inajua nani amelala na nani yu macho. Umeme ukatike mara ngapi, rimoti haitachanganyikiwa. Taa ndogo kwenye kisanduku cha mkononi huonyesha hali ileile, nawe ukiwa kitini unajua kilichomo kabatini bila kufungua mlango.

Kabati lenyewe nalo lina masharti yake, na la kwanza ni joto. Amplifaya ya kawaida hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto. Wahandisi hukadiria kwamba kapasita za elektroliti hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na Mombasa au Dar es Salaam chumba peke yake huweza kuwa na nyuzi 30 kabla hujawasha kitu. Tundu la chini nyuma na tundu la juu nyuma vitaruhusu hewa ya moto ipande na ya baridi iingie. Ikibidi, feni ndogo ya kompyuta inayowashwa na chipu ileile. Kuhusu spika, nitasema kwa kifupi: ficha amplifaya, ficha nyaya, ficha king'amuzi, lakini sabufa ukiifungia kabatini itatetemesha milango, vikombe na bawaba, na rimoti ya aina yoyote haitakusaidia.

Ukienda Keko, au Ngong Road kule Nairobi, kuagiza kabati, basi, nenda na vipimo vya vifaa vyako pamoja na nafasi ya nyaya nyuma, maana maseremala hupima kifaa na kusahau plagi. Omba ubao wa nyuma ufungwe kwa skrubu badala ya misumari, ili ufunguke. Omba tundu dogo ukingoni, hata kama leo huna jicho la kuweka hapo. Ndani ya mlango bandika karatasi inayoeleza kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, kwa lugha ambayo fundi atakayekuja baada yako ataielewa. Na zile rimoti za asili usizitupe. Toa betri zisije zikavuja, zifunge pamoja kwa mpira na uziweke kwenye droo ya kabati hilohilo, kwa sababu misimbo ya sabufa nyingi za bei nafuu haijaandikwa popote isipokuwa humo, na siku chipu yako itakapoungua utaanza kwa kuzitafuta.